Unyunyu ukigoma: dalili, chanzo na mahali pa kuachia

Nachanganya pafyumu Mwanga, Kigoma mjini, kwenye kachumba ka uani, na watu wanaoniletea chupa zao zilizowashinda wanakuja na malalamiko yale yale, anabadilika mlalamikaji tu. Haikai. Imeweka ukungu. Inanuka hospitali. Imenibabua. Ile ya nta imeyeyukia kwenye pochi. Na karibu kila anayefika ameshatoa hukumu kabisa, "oili niliyouziwa feki", ukikaa naye mkafuatilia unakuta oili (yani yale mafuta yenye harufu yenyewe) haina kosa lolote, kosa liko kwenye spiriti, au kwenye kupima, au kwenye pua yake mwenyewe. Sa nimeyaandika yote hapa kwa dalili, kila dalili nimeanza na chanzo ninachokutana nacho zaidi, af nashuka kwenda kwa vile vya nadra. Usiruke hatua, maana hatua za juu ni za bure na za chini zinakula hela.

Ila kabla ya dalili yoyote nitakuuliza: ulipima kwa mizani au kwa matone? Matone yanadanganya sana. Tone la karafuu ni zito kuliko tone la limau, na tone la kidropa hiki si sawa na la kidropa kile, kwa hiyo "matone kumi" ya kwako na ya jirani yako ni vitu viwili tofauti. Spiriti nayo ni nyepesi kuliko maji, ml 50 zake hazifiki gramu 50, ni kama gramu 40. Kale kamizani kadogo kanakosoma gramu 0.01, wanakotumia masonara, ndo kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya chupa nzuri. Cha pili ni daftari. Mtu akiniambia "niliweka kidogo kidogo nikawa nanusa", mi sina cha kumsaidia, tunaanza upya.

HAIKAI, INAPOTEA HARAKA

Hili ndo kubwa kuliko yote so nitakaa hapa kidogo. "Nimejipulizia saa mbili asubuhi, saa tatu na nusu haipo."

Chanzo namba moja: haijapotea, pua yako imezoea. Nenda Kibirizi asubuhi dagaa wakiwa wameanikwa. Dakika tano za kwanza unabana pua, baada ya nusu saa unakunywa chai na chapati pale pale na umesahau kabisa. Dagaa hawajaondoka, ila pua imeshazoea imeacha kukupa taarifa. Sa wewe uliyeshinda umechanganya, unanusa kila dakika, mikono inanuka, nguo inanuka, halafu unataka pua ileile ikupe majibu ya kweli? Cheki ya bure: mwite mtu aliyekuwa nje muda wote, asiwe aliyekaa na wewe chumbani, mwambie asogee hatua mbili kutoka ulipo akuambie anasikia nini. Au toka mwenyewe robo saa, tembea, rudi. Mambo ya kunusa kahawa ili "kuosha pua" mi siyategemei, hewa ya kawaida inafanya kazi hiyohiyo, au nusa ngozi yako mwenyewe kwenye kiwiko ambako hujapaka kitu.

Hapo hapo kuna kingine cha kimaumbile ambacho watu wengi hawakijui. Pua ya binadamu ina aina kama 400 za vipokezi vya harufu (Linda Buck na Richard Axel ndo waliogundua jeni zake, walichapisha 1991 wakaja kupewa Nobel 2004), na vipokezi hivyo havifanani kwa watu wote. Kuna watu hawasikii kabisa miski flani za kutengenezwa, hata umpe chupa nzima. Mama mmoja wa Ujiji alinirudishia chupa tatu mfululizo, anasema mwanangu umeniuzia maji. Kijana wake wa bodaboda aliyemleta akasema, "Mama, hii mi naisikia toka barabarani." Ikabidi nimbadilishie msingi, nikatoa miski nikaweka sandali na ubani, akafurahi. Kwa hiyo kama mtu mmoja anasema haikai na watano wanasema inakaa, usibadilishe fomula yako yote, mbadilishie huyo mmoja.

Kama umepita hapo na kweli haipo, basi cheki kama fomula yako ina kitu kizito chini. Wengi wanaanza na vinavyopatikana kirahisi, limau, chungwa, mchaichai, na hivyo vyote ni vya kuruka. Harufu za juu zinakaa dakika 15 hadi 30 kwenye ngozi, za katikati kama waridi na asumini masaa kadhaa, za chini kama sandali, ubani, vanila, miski ndo zinalala mpaka kesho. Ukijenga nyumba nzima kwa limau usishangae. Hata kolonya zenyewe za mwanzo, kama za ile kampuni ya Farina iliyoanza Cologne, Ujerumani mwaka 1709, ni mambo ya malimau na machungwa, unajimwagia unapata ubaridi, ikiisha unajimwagia tena. Hiyo si kasoro, ndo aina yake. Kipimo: kata vipande vya karatasi nyeupe ngumu isiyo na harufu, chovya ncha, andika muda kwa kalamu, nusa baada ya dakika 10, saa 1, saa 4, na kesho yake asubuhi. Karatasi ya kesho asubuhi ikiwa haina kitu, ongeza vitu vya chini mpaka vifike karibu theluthi ya oili zako zote, ndo uanze tena kupima.

Chanzo cha tatu ni oili kidogo. Mtu anaweka gramu 5 kwenye 100 halafu anategemea siku nzima. Kwa kawaida kolonya ina oili kama asilimia 2 mpaka 4, zile nyepesi za kujipulizia 5 mpaka 15, pafyumu yenyewe 15 mpaka 20, na zile nzito kabisa 20 kupanda. Mi nyingi nafanya gramu 18 za oili kwa gramu 82 za spiriti. Ila usidhani ukiweka 40 itakaa mara mbili, hapana, inakuwa nzito inaziba pua, na ngozi inapata shida (nakuja huko chini).

Cha nne, ngozi kavu. Kiangazi hiki cha Juni mpaka Septemba ngozi inakauka inakunywa kila kitu. Paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo tu, halafu pulizia juu yake. Na nguo ya pamba inashika kuliko ngozi, ila jaribu pembeni kwanza isije ikaacha doa.

Cha mwisho kabisa, narudia cha mwisho, ndo kuuziwa oili iliyochakachuliwa. Weka tone kwenye karatasi nyeupe uiache siku nzima. Oili nyepesi kama limau au mchaichai inatakiwa iondoke bila kuacha doa la mafuta la kung'aa. Ikiacha doa kama la maandazi, wameongeza mafuta ya kula humo. Sandali na nyingine nzito zitaacha alama tu hata zikiwa safi, kwa hiyo kipimo hiki ni cha nyepesi. Na udi, jamani, ule wa kweli unatokana na mti ulioshambuliwa na ukungu ndani mpaka ukatoa utomvu wake, bei yake inatisha. Oili ya "udi" ya buku tano ni ya kutengenezwa maabara, na si mbaya hata kidogo, mi mwenyewe natumia, ila usilipe bei ya udi.

INANUKA SPIRITI, INACHOMA PUA

Sababu ya kawaida ni haraka. Umechanganya jana unapulizia leo. Spiriti na oili vinahitaji kukaa pamoja, chupa imefungwa, sehemu yenye giza isiyo na joto, wiki mbili kwa uchache, mi naacha nne. Chumba cha bati bila dari hapana, kabati la chini upande usiopigwa jua ndiyo. Tikisa kidogo kila baada ya siku mbili. Vinavyochoma mwanzoni vingi vinatulia vyenyewe.

Sababu ya pili, unanusa mapema mno. Ukishapulizia subiri nusu dakika spiriti iruke ndo unuse, usibandike pua kwenye pampu.

Ya tatu ni spiriti yenyewe, na hapa naomba usome taratibu.

Inayotakiwa ni ethanoli safi ya asilimia 95 au 96, iliyoandikwa hivyo kwenye lebo, na muuzaji awe na karatasi ya kuonyesha ni nini. Spiriti ya kusafishia vidonda, ile iliyotiwa rangi, si ya kazi hii, imewekewa vitu makusudi isinyweke na harufu yake haiondoki. Pombe kali za dukani za asilimia 35 au 40 zina maji kuliko spiriti, zitakupa ukungu. Gongo kwanza ni haramu kisheria, pili ina maji na ina harufu zake ambazo hakuna waridi litakalozifunika, tatu hujui kilichomo. Kuna mtu alinijia na mchanganyiko wa gongo na asumini, nikafungua kizibo nikarudisha.

Kubwa zaidi ni methanoli. Inafanana na ethanoli kwa macho, inakaribiana kwa harufu, inawaka kama ethanoli, na ni sumu inayopofusha na kuua. Inaingia kwa kunywa, kwa kuvuta mvuke, na kwa ngozi pia. Huwezi kuitambua kwa kunusa, na kale kamchezo ka kuwasha moto uangalie rangi ya mwali usikategemee, ikiwa imechanganywa na ethanoli mwali haukuambii kitu. Mi nilishawahi kununua kidumu cha lita tano hakina lebo, bei nusu, muuzaji nilielekezwa na mtu. Siku ya pili ya kujaza chupa nikapata kichwa kinagonga na macho yanakuwa kama yana ukungu. Nilienda hospitali siku hiyohiyo, nikatibiwa, nikapona. Ilikuwa nini humo mpaka leo siwezi kuapa, ila nilifungua chupa thelathini na kitu nilizokuwa nimeshazijaza nikazimwaga zote, na hela ya miezi miwili ikaenda.

ACHA HAPO HAPO: kama spiriti haina lebo au chanzo chake hakieleweki, hakuna cha kurekebisha, usiitumie. Kama wewe au mtu mwingine mmeshaitumia au mmeimeza na mnasikia kichwa, kichefuchefu, macho kuona ukungu au mwanga mkali, nendeni hospitali saa hiyohiyo na chupa mkononi. Msisubiri kuona kama itapungua, dalili za methanoli zinaweza kuchelewa saa 12 mpaka 24 na zikifika macho yameshaanza kuharibika. Na usimtapishe mtu.

Moto nao. Mvuke wa ethanoli ya 96 unashika moto hata kwenye nyuzi 17, na Kigoma tunazidi hapo karibu muda wote, kwa hiyo jiko la mkaa, gesi, sigara, mshumaa, udi wa kuchoma, vyote nje ya chumba unachochanganyia. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, unaweza kuunguza mkono hujaona kitu. Ukishika kidogo kwenye bakuli funika na mfuniko wa chuma au mchanga. Ukizidi hapo toka, toa watu, piga 114 zimamoto.

IMEWEKA UKUNGU, AU VITU VINAELEA

Maji. Karibu kila mara ni maji. Ama spiriti yako ni ya asilimia 70 (sanitaiza nyingi ziko hapo hapo), ama uliosha chupa hukuikausha, ama ulisikia mahali kwamba pafyumu inawekewa maji ukaweka bila kipimo. Kausha chupa zote kabisa, ongeza ethanoli ya 96 kidogo kidogo huku unatikisa, ukungu ukikatika simama hapo, andika umeongeza kiasi gani.

Ikiwa haukatiki na chini kuna tabaka la mafuta linajitenga, ulichanganya mafuta ya kupaka. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya mise (ya kokwa za mchikichi), ya nyonyo hayako sawa hapa: la nyonyo linakubali spiriti, hayo mengine hayakubali, yatajitenga milele hata uyatikise mpaka mkono uchoke. Hakuna dawa. Tenganisha, la mafuta lifanye la kupaka kama halijachacha.

Ikiwa ni vitu vidogo kama nyuzi au nta vinaelea, oili zako zina nta za maua, kawaida tu. Funga chupa vizuri sana, weka sehemu yenye baridi usiku mbili ili nta zigande, chuja ikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Friji ya nyumbani naogopa kidogo kwa chupa kubwa, mvuke ukivuja ndani na zile cheche za thamostati si mchezo, mi natumia boksi lenye barafu uani.

RANGI IMEGEUKA

Haraka haraka hapa. Vanila inageuka kahawia, ndo tabia yake, weka kwenye chupa ya rangi na uwaambie wateja mapema. Karafuu ikigusana na chuma, kijiko au kifuniko cha bati, inatia giza, tumia kioo au stenlesi. Asumini na maua ya mchungwa yakikutana na baadhi ya oili za malimau yanapata rangi ya chungwa iliyoiva, harufu inabadilika kidogo pia, wengine wanaipenda. Jua la dirishani linaharibu kila kitu. Ila rangi ikigeuka NA harufu ya limau ikawa kama ya tapentaini ya fundi rangi, hiyo imeshaoza na hewa, usiipake, oili za jamii ya limau zilizokaa na hewa ndo zinaleta mzio kwa ngozi. Nunua kidogo kidogo, jaza chupa mpaka shingoni hewa isibaki.

INAWASHA, INABABUA, IMEACHA MADOA MEUSI

Hapa cheki ya kwanza ni kuacha kutumia. Osha kwa sabuni ya kawaida na maji mengi. Halafu ndo tutafute.

Mara nyingi ni kuzidisha vitu vikali. Mdalasini wa gome, karafuu, mchaichai, hivi ni vizuri kunusa ila ngozi haivipendi vikiwa vingi, na mzio ukishakuingia wa kitu kimoja unaweza kukaa nao maisha. Usipake oili kavu kavu moja kwa moja, hata kama aliyekuuzia amesema "ni asili haina kemikali". Upupu nao ni asili.

Cha pili ni jua, na huku kwetu jua lipo. Oili ya kukamua maganda ya ndimu, ya limau na ya bagamoti (tunda la jamii ya chungwa) ina vitu vinavyoamshwa na mwanga wa jua, unapaka shingoni asubuhi unaenda sokoni, jioni ngozi imeungua kama umemwagiwa chai, baadaye panabaki alama nyeusi wiki au miezi. IFRA, chama cha kimataifa cha viwanda vya manukato, kwa vitu vinavyobaki kwenye ngozi kinataka bagamoti ya kukamua isizidi asilimia 0.4 ya bidhaa nzima, ndimu ya kukamua 0.7, limau 2. Ile ndimu iliyovukizwa kwa mvuke haina shida hiyo, kwa hiyo uliza dukani ni ya kukamua au ya mvuke, na kama muuzaji hajui ichukulie ni ya kukamua. Na dada mmoja aliniletea pafyumu aliyokamulia ndimu ya sokoni, ndimu yenyewe, juisi. Hiyo ni maji na asidi na sukari, haileti harufu, inaleta ukungu, na maganda yanaongeza hayo ya jua. Achana nayo.

Jaribu kila mchanganyiko mpya kwa kupaka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku mbili hadi tatu bila kuosha kwa nguvu, usiweke juani. Watoto wachanga usiwapake kabisa, na mwenye pumu akae mbali na chumba chako cha kazi.

MWISHO WAKO HAPA, MUONE DAKTARI: malengelenge, kuvimba midomo au kope, kubanwa kifua, vipele vinavyosambaa mbali na ulipopaka. Kubanwa kifua na kuvimba uso ni kukimbia, sio kusubiri asubuhi. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka robo saa nzima, halafu hospitali. Mtoto akimeza, hospitali na chupa yake, usimpe maziwa wala mafuta wala usimtapishe.

YA NTA: INAYEYUKA, INA CHENGA, INATOA JASHO

Hii naipenda zaidi maana nta naletewa toka Tabora kwa treni, na kusema kweli ni kazi nzuri kwa mtu asiyeweza kupata ethanoli nzuri. Nta, mafuta, harufu, kikopo, basi.

Inayeyuka: fomula umeitoa nchi za baridi. Wao wanaweka nta sehemu moja kwa mafuta sehemu nne tano, na kwao inatosha. Huku kikopo kikikaa juu ya dashibodi ya daladala kinakuwa supu. Weka nta gramu 25, mafuta gramu 60, harufu gramu 15. Kabla hujamimina vikopo vyote chukua kijiko baridi, weka kidogo, subiri kigande, kipeleke mfukoni mwako nusu saa. Kikirudi na umbo lake, mimina.

Jasho, yani vitone vya mafuta juu: harufu imezidi, nta imeshindwa kuibeba. Shusha mpaka 10, au ongeza nta. Chenga chenga kama mchanga: imepoa polepole mno, mara nyingi kwa wanaotumia mafuta ya shea. Yeyusha tena taratibu, mimina, weka vikopo kwenye sinia la maji baridi vipoe haraka. Unga mweupe juu ya nta baada ya wiki kadhaa si ukungu, nta halisi hufanya hivyo, futa kwa kitambaa.

Inanuka moshi: nta ya mizinga ya asili imerinwa kwa moshi, ndo ilivyo. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha igande juu ya maji, kwangua uchafu wa chini, rudia mara mbili. Haiondoki yote. Mi siku hizi sipambani nayo tena, naipa wenzake: tumbaku, udi, ubani, inakuwa na harufu ya Tabora yenyewe, asali na tumbaku. Ukitaka waridi jeupe safi, tafuta nta iliyosafishwa, usiilazimishe hii.

Na kama haina harufu ya asali hata chembe, ni laini ya kuteleza, shuku kwamba nta ya mishumaa imechanganywa. Vunja kipande kilichopoa: nta ya nyuki inavunjika na uso wa chengachenga.

Nta inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64, kwa hiyo sufuria ndani ya sufuria yenye maji inatosha, kamwe usiweke nta juu ya jiko moja kwa moja. Harufu iingie mwishoni, ukiwa umeshaipua na ukingo wa nta umeanza kufifia, la sivyo unaichemsha inaenda na mvuke halafu unarudi kwenye ile dalili ya kwanza. Nta ikishika moto usimwagie maji kabisa, funika.

YA MAFUTA: IMEGANDA AU IMECHACHA

Wengi Kigoma wanatumia mafuta ya mise maana yako mlangoni na ngozi zetu zimeyazoea toka utotoni. Shida yake yanaganda asubuhi za baridi, kama ya nazi yanayoganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kuganda si kuharibika, shika chupa mkononi dakika chache. Ukitaka isigande kabisa tumia jojoba ukipata. Mise inakuja na harufu yake pia, ya kukaangwa, kwa hiyo harufu nyepesi za maua zinapotea ndani, weka nzito. Mawese mekundu sahau, nguo ya mtu itaharibika na mtagombana.

Kuchacha (harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa rudiwa) hakuna kurekebisha. Vitamini E inachelewesha tu, haifufui.

MCHAICHAI NILIOUCHEMSHA MWENYEWE UNANUKA MBOGA

Majani yamegusa chini yakaungua, au moto ulikuwa mkali. Weka wavu majani yasiguse maji, moto mdogo. Harufu ya mboga ya siku za mwanzo inapungua ukiacha chupa wazi kidogo siku chache. Na usitegemee wingi, kilo 10 za majani mabichi ni gramu 20 mpaka 50 za oili, mengine yote ni maji ya harufu ambayo yanaoza ndani ya wiki chache na hayafai kuingia kwenye pafyumu. Preshakuka iliyotobolewa ikaungwa mpira sikushauri, mpira ukiziba inapasuka. Nenda kwa fundi anayejua kuchomelea mtambo wa kuvukizia, au waulize SIDO, lile shirika la viwanda vidogo.

PAMPU HAITOI

Loweka kichwa chake kwenye spiriti au maji ya uvuguvugu, pampu mara kumi. Ikigoma badilisha, ni bei ndogo. Mpira wa kidropa ukiwa umenata kama ubani uliotafunwa, oili ndo imeula, usihifadhi chupa na kidropa juu yake, weka kizibo.

Na ukishaanza kuuza nje ya majirani, vipodozi vinasimamiwa na TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, wafuate kabla hawajakufuata.

SISIKII CHOCHOTE, SI PAFYUMU WALA DAGAA

Hii si ya kwangu tena, ila naletewa. Mara nyingi ni mafua, subiri yapite. Baada ya korona wengi walikaa miezi. Ikizidi wiki mbili bila mafua, au imepotea upande mmoja tu wa pua, au imeanza baada ya kugonga kichwa, au damu inatoka puani, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na nyumbani mwambie mtu mwingine awe anaangalia gesi, ile harufu mbaya ya mtungi wameiweka makusudi na wewe hutaisikia ikivuja.

Kuna zoezi ambalo madaktari wa pua Ujerumani walilichapisha mwaka 2009: harufu nne, waridi, mkaratusi, limau, karafuu, unanusa kila moja sekunde kama kumi, asubuhi na jioni, wiki 12. Mi namwambia mtu mkaratusi uko barabarani, limau na karafuu ziko sokoni, waridi njoo nikupe kwenye kichupa.